"Mimi nakunywa bia tu": jibu kwa msomaji wangu wa Bungoma

Wiki jana msomaji mmoja wa Bungoma aliniandikia: "Fundi, mimi chang'aa sigusi. Ni bia tu, tano sita jioni. Hiyo haina shida, ama?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ni maneno yale yale niliyokuwa nikimwambia dada yangu.

Hesabu kwanza. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Ini huchoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halisikii supu ya mbuzi, kahawa wala kuoga maji baridi. Mimi nilikuwa wa chupa sita kuanzia saa mbili usiku. Saa mbili asubuhi, nikifungua duka, ini langu ndio kwanza linamaliza, na hiyo ni siku njema.

Mimi ni fundi wa simu hapa Nakuru. Ndoto yangu ni kama yako: duka lenye jina langu kwenye kibao, kodi isininyime usingizi. Basi asubuhi moja mama mmoja, mteja wangu wa miaka, aliniletea simu ya kubadilishwa kioo. Skrubu za simu ni kama punje za wimbi. Ya kwanza niliishika kwa kibano, ikadondoka. Ya pili iliruka ikagonga glasi ya kaunta, ting. Yule mama hakunitazama usoni, alitazama mkono.

"Kijana wangu," akasema polepole, "nirudishie tu simu."

Nilimpa ikiwa wazi hivyo hivyo, skrubu nimezifunga kwenye kikaratasi.

Alipotoka nilifungua droo. Ndiyo, mtu wa bia tu alikuwa na robo ya kali kwenye droo. Mafunda mawili, baada ya muda mkono ukatulia tuli. Kutoa loki, tunaita. Nilidhani nimepata dawa, kumbe nilikuwa natuliza njaa ya ugonjwa wenyewe. Pombe hukanyaga breki ya ubongo. Ukiikanyaga kila siku, ubongo nao unazidi kukanyaga mafuta ili usizime. Siku breki ikiachiliwa, gari linaruka: mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unadunda.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa ile ile.

Nilipoamua kuacha, niliacha kwa kiburi. Jumatatu moja, ghafla, bila kumwambia mtu. Usiku wa pili nikaona siafu wakipanda ukuta. Dada yangu anasema nilikuwa nikiwafagia kwa kiganja, ukuta mtupu. Alinikimbiza hospitali, nikapewa dawa ya kutuliza na vitamini B1 kwa dripu, maana mlevi huishiwa nayo. Daktari alinikaripia: aliyezoea pombe nyingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, na degedege hilo huua. Mimi nilikuwa nikijiona shujaa!

Nikapigwa ultrasaundi pia. Ini lilikuwa limejaa mafuta. Bahati yangu ni kwamba mafuta hayo mara nyingi huyeyuka mtu akiacha kunywa. Ini likishapata makovu, hadithi ni nyingine. Na hapo sijagusa saratani. Tangu 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka vinywaji vya pombe kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kuisababisha, na halikusema bia isamehewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Bungoma, nenda ukapimwe ini. Mwambie daktari idadi ya kweli, si ile unayomwambia mkeo. Usiache peke yako. Narudia, usiache peke yako. Vijana wenzangu, tunaamka alfajiri kutafuta shilingi, jioni tunaipeleka kaunta ili kesho mkono ushindwe kuitafuta tena. Hiyo ni akili? Chang'aa yenye methanoli, ile alkoholi ya sumu, hupofusha, kweli, na ndiyo maana kila mtu anaiogopa. Bia haitishi mtu. Mimi ilinichukua miaka saba bila kupiga kelele.

Sasa nina mwaka na miezi miwili. Juzi nimebadilisha kioo bila kuangusha hata skrubu moja. Yule mama bado hupita mbele ya duka langu, simu mkononi, akielekea kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Hunisalimia vizuri tu.