Fimbo ya 15 mfukoni

SWALI: Nikigundua katikati ya shindano la gofu kwamba mfuko wangu una fimbo 15, nifanyeje?

JIBU: Kikomo ni 14. Kabla ya kupiga mpira tena, mwambie anayeandika alama zako ni fimbo ipi unaiondoa, au igeuze kichwa chini mfukoni. Fanya hivyo papo hapo, maana ukichelewa na kupiga, unaondolewa mashindanoni.

Katika mchezo wa kuhesabu mapigo, unaongezewa 2 kwa kila shimo ulilokiuka sheria, yasizidi 4 kwa raundi. Ndiyo maana kugundua mapema kuna faida. Mchezaji wa Wales, Ian Woosnam, aligundua akiwa kwenye shimo la pili, raundi ya mwisho ya The Open (mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza) ya 2001 kwenye uwanja wa Royal Lytham: fimbo ya ziada ilikuwa draiva (fimbo ya kupigia mbali) ya pili. Aliadhibiwa mapigo 2, akamaliza nafasi ya tatu kwa sare. Inauma!

Kosa hili mara nyingi hutokea mchezaji anapojaribu draiva mbili mazoezini, kisha zote zikabaki mfukoni. Zihesabu kabla hujapiga mpira wa kwanza, hata kama kedi (msaidizi anayekubebea fimbo) amekwisha kuzihesabu, kwa sababu adhabu ni yako.