JIBU: Aso, Kurokawa, Yufuin na Beppu siku mbili bila gari. Mkuu kata siti ya basi KWANZA

Mkuu simamisha kila kitu. Nilikuwa napita tu kwenye huu uzi nasubiri wali uive, nikafika pale ulipoandika "nina pasi ya treni ya JR Kyushu, hayo mabasi ya milimani tutayapata hukohuko", wali umeungua. Hukohuko wapi? Hayo maneno ni yangu, neno kwa neno, niliyasema nikiwa nimesimama Hakata, stesheni kuu ya Fukuoka, na begi mgongoni, mama watoto ametoka Dar siku tatu nyuma ananiangalia kama mwenyeji wa Japani, na mimi nikajiona mwenyeji kweli.

Umeuliza njia ipi nzuri ya kupita hivyo vituo vinne vya kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, kama siku mbili zinatosha, mkeo anayevaa hijabu ataogaje kwenye onsen, yale mabafu ya chemchemi za maji moto, na chakula halali. Njia na siku nitayafikia hapa, ya hijabu na halali tuyaweke kwenye jibu jingine. Kwanza tuongelee basi.

Shika hili: Beppu ina stesheni. Yufuin ina stesheni. Aso ina stesheni. Kurokawa HAINA. Ni kijiji kipo bondeni huko mkoa wa Kumamoto, nyumba za wageni kama 30 hivi zimejibana kando ya mto, chemchemi za maji moto kila kona, pazuri mpaka unasahau madeni, ila reli haifiki. Unaingia kwa basi au kwa gari, basi. Na hiyo pasi yako ya JR kwenye hayo mabasi ni kadi ya kupepea joto tu. Lile basi linalokatiza Kyushu kutoka Kumamoto kupita Aso, Kurokawa, Yufuin hadi Beppu ni la watu wengine kabisa, linapita mara chache kwa siku, na siti zinashikwa KABLA. Sio kama Tokyo ukikosa treni unahesabu dakika tatu inakuja nyingine.

Sasa sikia yaliyonikuta.

Ilikuwa Novemba, wikiendi iliyobeba tarehe 23, ambayo Japani ni sikukuu ya wafanyakazi, na ndo msimu wa majani mekundu, yaani nchi nzima ipo barabarani. Nikashika ryokan Kurokawa, ile nyumba ya wageni ya kienyeji yenye mikeka na chakula cha jioni na asubuhi humohumo kwenye bei, yen 22,000 kwa kichwa. Vichwa viwili 44,000. Mimi mwanafunzi wa skolashipu, hiyo hela nilikuwa naiweka pembeni tangu mwezi wa tano nakula maharage. Na kilichonivuta hasa sio maji ya moto, ni kile chakula cha jioni wanachokiita kaiseki, visahani kumi na kitu vinaletwa kimojakimoja, nyama ya ng'ombe wekundu wa Aso, samaki wa mtoni wa kuchoma kwa chumvi. Nilimtumia mama watoto picha za hicho chakula miezi miwili mfululizo. Miezi miwili mkuu.

Plani ilikuwa Hakata mpaka Kumamoto kwa Shinkansen, ile treni ya mwendokasi, Kumamoto mpaka Aso kwa treni, tuangalie volkano, alasiri tushuke stesheni ya Aso tudandie basi la Kurokawa. Kuanzia Hakata mpaka Aso mambo yalikuwa mswaki, pasi ilifanya kazi. Tukapanda basi la kwenda juu mlimani, kufika tunaambiwa kreta ya Nakadake imefungwa, kuna gesi. Hiyo ni kawaida, ile volkano ni hai na wanafunga na kufungua kulingana na gesi na upepo, siku nyingine hufiki mdomoni kabisa. Sikulalamika. Tukabaki Kusasenri, ule uwanda mkubwa wa nyasi wenye dimbwi katikati na farasi, baridi ya kukata masikio kwa sababu pale ni zaidi ya mita elfu moja juu, tukapiga picha mia nne, tukala, tukashuka taratiiibu. Mimi najua basi la alasiri lipo, nimeliona kwenye video.

Ile video sasa. Kuna jamaa mmoja wa Yutubu, simtaji, ana kanali ya kufundisha watu "Japani kwa bei poa". Anasema, namnukuu kwa uchungu, "mabasi ya Kyushu ukiwa na pasi unapanda tu, Japani usafiri hauna stresi". Unapanda tu! Nimekuja kuirudia ile video baadaye nikiwa na hasira zangu, dakika ya sita anakunywa kahawa Kurokawa, na mezani pembeni ya kikombe UFUNGUO WA GARI LA KUKODI. Ana gari! Mtu anatufundisha kupanda basi huku amepaki nje! Nilimwandikia komenti, akaifuta. Nikaandika tena, akanibloku. Sina kinyongo, namwombea tu siku moja gari limzimikie pale Aso saa kumi na mbili jioni mwezi wa kumi na moja.

Haya basi likaja, safi, kwa dakika ileile iliyoandikwa. Dereva akashuka ameshika karatasi ina majina. Akaniuliza "yoyaku?" yaani umeshika nafasi? Nikamwonyesha pasi ya treni. Akaiangalia vizuri kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa, akanirudishia, akainama, akasema limejaa. Nikatabasamu, si unajua sisi tulivyolelewa na daladala, hakuna gari linalojaa, konda atasema "songeni mbele siti zipo" hata kama kuna mtu ananing'inia mlangoni. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba tutasimama hapo mbele sisi wembamba. Akainama tena, chini zaidi. Akaomba radhi mara tatu, akafunga mlango, akaondoka. Sijawahi kuachwa kwa heshima kiasi kile.

Na ndo lilikuwa la mwisho siku hiyo.

Mpaka hapo hasara ilikuwa ndogo mkuu, naomba unielewe. Nje ya stesheni taksi ilikuwepo. Mama watoto akasema "baba tupande taksi tukale". Mimi nikasema taksi Japani ni ya matajiri, tena mbona kwenye ratiba hapa kituoni kuna basi jingine saa kumi na moja, namba hizi hapa nazisoma. Nilisoma namba, herufi za juu yake sikuzisoma. Zile 平日 maana yake siku za kazi, na 土日祝 maana yake Jumamosi, Jumapili na sikukuu, safu mbili tofauti, na mimi nilikuwa nimesimama pale siku ya sikukuu nasubiri basi la siku za kazi. Zaidi ya saa nzima na nusu! Kwenye baridi! Kila baada ya dakika kumi ananiuliza "una uhakika?" na mimi namjibu "hii ni Japani, hawachelewi". Kweli hawakuchelewa, hawakuwa wanakuja kabisa. Novemba kule jua linazama saa kumi na moja na robo hivi, giza likaingia, kituo kizima tumebaki sisi wawili na mashine ya kuuza soda.

Halafu hata simu ryokan sikupiga. Niliogopa Kijapani changu. Hili nalijutia kuliko taksi, kwa sababu ryokan sio hoteli, chakula cha jioni kina saa yake, kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, wapishi wanaanza kupanga visahani kulingana na muda wako na wakimaliza wanaenda kwao. Ukiona unachelewa PIGA SIMU hata kama utaongea Kiswahili, sema jina lako na neno "basu", wataelewa kuna mtu amepatikana.

Tumepanda taksi mwishowe, yen 13,000, nimekaa naangalia mita inavyopanda kila tukikata kona, na ile barabara ina kona. Tumefika saa moja na robo usiku. Mama mwenye nyumba katoka na kimono chake akainama mpaka nikaona aibu, jiko limefungwa, akatuletea onigiri mbilimbili na kachumbari ya figili. Mipira ya wali mkuu. Elfu 44 na elfu 13, mipira ya wali. Mama watoto akaishika yake, akaigeuzageuza, akasema kwa upole kabisa: "Kumbe ndo kaiseki hii."

Sikujibu. Nilienda kuoga.

(Kuoga kwenyewe, pale Kurokawa wanauza kibao cha mti kinaitwa tegata, nilipoenda kilikuwa yen 1,500, kinakuingiza kwenye mabafu matatu ya nyumba tofauti za kijiji. Kitu kizuri sana, asubuhi yake tulitembea na kandambili za mbao nikasamehewa kidogo. Kidogo.)

Kesho yake nilitaka twende Yufuin kisha Beppu kama wewe unavyotaka. Basi? Limejaa. La baadae? Limejaa. Ofisi ya wageni pale kijijini wakanisaidia, wakapiga simu, kuna watu walikuwa wameghairi wakatupatia siti mbili za basi la kurudi Fukuoka, linatumia kama saa mbili na nusu mpaka tatu. Tukarudi. Ziwa Kinrin la Yufuin mama watoto hajaliona hadi leo, na yale madimbwi ya Beppu wanayoyaita jehanamu, lile la bluu na lile jekundu kama damu, aliyaona kwenye posta ukutani tukiwa tunasubiri basi.

Kwahiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: unaanza na basi la KUTOKA. Sio hoteli, sio kreta, sio picha. Unatafuta basi la mwisho linalokutoa sehemu isiyo na reli, unalishikia siti, ndo unarudi nyuma kupanga la kuingilia, unalishikia siti, ndo unalipia ryokan. Nafasi zinafunguliwa kama mwezi mmoja kabla, kwa mtandao, hata ukiwa hapohapo ulipo sasa hivi umelala. Kuna pasi ya mabasi inaitwa SUNQ, hiyo inakubalika kwenye hayo mabasi, lakini hata nayo lazima ushike siti, pasi inalipa nauli tu haikupi kiti. Hapo ndo watu wengi wanaingia chaka wakidhani wameshamaliza.

Na kama ukiangalia ukakuta zimejaa, Kurokawa achana nayo safari hii. Panda treni Hakata mpaka Yufuin, ni kama saa mbili na kidogo (ile treni ya kijani ya Yufuin no Mori nayo siti zote ni za kushika kabla, usije ukaniambia sikukwambia), lala Yufuin, kesho yake treni tena kupitia Oita mpaka Beppu, pasi yako inakula kote. Nimekuja kuipita hiyo njia peke yangu mwaka uliofuata, ilikuwa rahisi mpaka nikakasirika. Siku mbili zinatosha kwa hiyo. Kwa vituo vyote vinne ulivyoorodhesha, utakuwa unaangalia Kyushu kupitia dirisha la basi, tena kama umelipata.

Mtu hapo juu amekushauri "we nenda tu, Wajapani wakarimu watakusaidia". Ni kweli ni wakarimu. Walinipa onigiri.

Umesema unakuja Novemba ila hujasema tarehe. Kama ni wikiendi ile ya 23 usinijibu hapa, fungua ukurasa wa tiketi sasa hivi, mimi nipo, naenda kusugua sufuria.