Kwa nini kichwa cha treni cha Shengena kina boila moja na injini mbili?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwenyeji wa Same. Nilipotembelea Makumbusho ya Reli ya Nairobi nilifurahi kukuta kichwa cha treni ya mvuke namba 5930 kimepewa jina la mlima wetu, Shengena. Umbo lake lilinishangaza: tangi la maji mbele, boila katikati, mafuta nyuma, na magurudumu yote yamekusanyika kwenye ncha mbili. Chini ya boila ni patupu. Kwa nini kiliundwa hivyo? Na kikijazwa maji na mafuta leo, kitatembea?

JIBU: Marahaba. Ili kukielewa kichwa kile, anza na njia yake. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ya wakati ule ilikuwa na upana wa mita moja tu, yenye kona nyingi, na ilipanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Mizigo ya bandarini ilikuwa inaongezeka, na vichwa vya kawaida vilishazidiwa.

Kwenye kichwa cha kawaida boila, yaani pipa la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke, hukaa juu ya magurudumu, kwa hiyo magurudumu ndiyo yanayoibana isinenepe. Ukiongeza magurudumu kwenye fremu moja ili upate nguvu, fremu inakuwa ndefu na kona inaikataa. Mwingereza Herbert William Garratt alipata hataza ya suluhisho mwaka 1907: boila iwekwe kwenye fremu yake peke yake, na kila ncha ya fremu hiyo iegemee injini, yaani seti ya magurudumu na pistoni zake, inayojigeuza yenyewe kufuata kona. Huo upatupu uliouona ndio siri yote. Boila ya vichwa vya aina ya 59, kama hicho cha Shengena, ina kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayokibeba! Tanuri, yaani chumba cha moto cha boila, nalo lilipata nafasi ya kutosha.

Kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza vichwa 34 vya aina hii katikati ya miaka ya 1950, vyote vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, lakini uligawanywa kwenye ekseli (vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili) 14, nane kati yake zikiwa za kusukuma, ndiyo maana njia iliuhimili. Kiliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Ukirudi pale, inama utazame mahali fremu ya boila inapokalia injini. Mvuke lazima uvuke hapo ukiwa na shinikizo kubwa, wakati injini inageuka kushoto na kulia. Bomba lake limeungwa kwa kiungo cha duara kama nyonga ya mtu, na mafundi walikilinda kama mboni ya jicho, maana kikivuja nguvu inapotea njiani.

Kuhusu kukiwasha: tafadhali, asijaribu mtu kujaza maji na kuwasha tu. Boila hii ilifanya kazi kwa shinikizo la paundi 225 kwa inchi ya mraba, na maji yake hufikia nyuzi 200 za Selsiasi bila kugeuka mvuke wote, kwa sababu shinikizo linayazuia. Bati likipasuka, maji hayo hulipuka kuwa mvuke kwa mara moja, na aliye karibu haponi.

Kwanza fundi aingie ndani ya tanuri. Kuta zake mbili zimeshikanishwa na mamia ya vijiti vya chuma, na kijiti huweza kukatika katikati huku ncha yake ikionekana nzima. Ndiyo maana hugongwa kimoja kimoja kwa nyundo: kizima hulia kwa sauti kali, kilichokatika hutoa mlio mfu. Kisha unene wa mabati upimwe, hasa chini ambako matope na unyevu hukaa na kutu hula kimyakimya, na mirija ikaguliwe. Nguo ya nje ya boila isibanduliwe kabla ya kupimwa, kwani vichwa vingi vya miaka hiyo vilifungwa asbesto, kizuia joto ambacho vumbi lake hudhuru mapafu. Mwisho boila ijazwe maji baridi na kushinikizwa kupita kiwango cha kazi. Maji baridi hayapanuki, kwa hiyo penye udhaifu patavuja tu.

Vikipita vyote hivyo, kitatembea. Shengena kiliwahi kufufuliwa baada ya kustaafu na kuvuta treni za matembezi, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Wakijitokeza wafadhili, shilingi ya kwanza iende kwenye ukaguzi wa boila, kabla ya rangi.