Tetemeko likikukuta ndani, usikimbilie mlango

Sisi watu wa Kagera tangu ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko tunalijua vizuri. Ilikuwa alasiri, ukubwa wake 5.9, watu wasiopungua 16 walifariki na nyumba nyingi sana zilianguka. Na litarudi tu siku moja maana tuko karibu na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa.

Mimi nilikuwa sebuleni kwa shangazi yangu pale Bukoba, ardhi ikaanza kunguruma, nikamvuta mwanae tukaingia chini ya meza ya chakula tukashika miguu ya meza, na wakati huo huo matofali ya juu ya mlango wa mbele yakamwagika pale kizingitini. Pale ndipo kila mtu angekimbilia! Kwa hiyo nawaomba jamani, ardhi ikitikisika usikimbie kutafuta mlango na wala usisimame chini ya fremu yake, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo, shikilia mpaka itulie. Kama meza hakuna, jikunje chini mbali na madirisha na kabati, mikono juu ya kichwa. Likikukuta kitandani baki hapo hapo, lala kifudifudi ujifunike kichwa na mto.

Ila nyumba zetu nyingi ni za matofali yaliyoungwa kwa tope, hazina lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), hizo zinaanguka haraka, sasa kama upo mlangoni kabisa na hatua mbili tu uko uwanjani, toka, na usiishie barazani maana ule ukuta wa pembetatu unaobeba bati ndio huwa unatangulia kuanguka. Nenda mbali na ukuta, kwenye uwazi, hata kwenye migomba ni afadhali kuliko chini ya nyaya za umeme.

Mambo ya kufanya leo hii: hamisha kitanda cha watoto kisikae chini ya dirisha wala pembeni ya kabati refu, kabati lenyewe lifungwe ukutani kwa vyuma vya kona, vitu vizito vishushwe chini. Viatu na tochi viwe karibu na kitanda, kwa sababu usiku umeme unakatika na sakafu imejaa vioo.

Likishapita zima jiko, funga mtungi wa gesi, zima meni swichi, ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti wala swichi yoyote, toeni watu wote nje. Mitetemo mingine inafuata, saa hiyo hiyo au hata siku kadhaa baadaye, na nyumba iliyopasuka inaweza kuanguka kwa mtetemo mdogo tu, kwa hiyo msirudi kuchukua godoro au TV. Zunguka nje kwanza ukague, ukiona ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, au ukuta umeachana na mwenzake kwenye kona, mwite fundi anayeelewa kazi, na watoto wasilale humo mpaka itengenezwe.