Maswali ya Wasomaji: Pofirini ya Zambarau Inapogeuka Kijani

SWALI: Nilichemsha piroli na benzaldehaidi ndani ya asidi ya propioniki ili nipate tetrafenilipofirini (TPP), pofirini ya zambarau ambayo molekuli yake ni duara. Nimepata lami nyeusi tele na fuwele asilimia 8 tu, tena kipimo cha ufyonzaji wa mwanga kinaonyesha kilele kikubwa karibu na nanomita 650. Nimekosea wapi?

JIBU: Lami usiilaumu sana. Piroli nne na benzaldehaidi nne zinatakiwa zishikane na kufunga duara. Zinazokosa kufunga hurefuka tu kuwa minyororo, na hiyo ndiyo lami. Kwa njia hii ya Adler na Longo, ya mwaka 1967, asilimia 20 ni mavuno mazuri. Lakini 8 ni haba, na cha kwanza kuangalia ni piroli yenyewe. Ikishakuwa ya kahawia chupani imeanza kuungana yenyewe kwa yenyewe. Ikeneke siku ileile ya kazi, itoke angavu kama maji.

Ndani ya kabati la kuvuta hewa, chemsha kwanza mililita 75 za asidi (huchemka kwenye nyuzi 141), ndipo utie mililita 2.0 za benzaldehaidi na 1.4 za piroli. Dakika 30 zinatosha. Juu ya kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chini) paachwe wazi: duara likishafunga bado lina haidrojeni sita za kuondolewa, na kazi hiyo hufanywa na oksijeni ya hewani. Ukipitisha nitrojeni umejinyima hatua ya mwisho. Acha ipoe polepole, chuja, osha kwa methanoli mpaka matone yasiwe na ukahawia, kisha kwa maji ya moto. Tarajia kama gramu 0.6.

Sasa hicho kilele. TPP safi ina mkanda mkali sana kwenye nanomita 418, halafu vilima vinne vinavyoshuka kama ngazi: 515, 550, 590, 647. Cha mwisho kikikipita cha 590, TPP yako imechanganyika na ndugu yake mwenye haidrojeni mbili za ziada. Yeyusha katika toluini kavu, chemsha na DDQ (kemikali inayonyang'anya haidrojeni hizo), gramu 0.2 kwa kila gramu ya TPP, kisha pitisha kwenye alumina, unga unaonasa uchafu. DDQ isiguse maji. Hutoa sianidi ya haidrojeni.

SWALI: Nikiyeyusha TPP katika klorofomu ili niweke zinki, inageuka kijani. Je, zinki imeshaingia?

JIBU: Hapana, hiyo ni asidi. Klorofomu iliyokaa huwa na chembe za asidi ya haidrokloriki, nazo huzipa nitrojeni za katikati protoni, ikatokea kijani. Tone la triethilamini huirudisha zambarau. Kwa miligramu 100 za TPP katika mililita 20 za klorofomu safi, ongeza miligramu 180 za asetati ya zinki iliyoyeyushwa katika mililita 5 za methanoli, uchemshe saa moja. Zinki ikiingia, vilima vinne hubaki viwili. Ukiona hata kijilima kidogo cha 515 kimebaki, endelea kuchemsha. Na usimalize kwa kuosha na asidi: zinki hutoka kirahisi kama ilivyoingia.

SWALI: Nimechanganya TPP ya zinki na polistirini niwe na utando wa kupima oksijeni. Unang'aa, lakini hewa au nitrojeni hakuna tofauti.

JIBU: Metali uliyochagua ndiyo inayokuangusha. Mng'ao wa TPP ya zinki huisha ndani ya nanosekunde 2 hivi, wakati ambao oksijeni iliyomo kwenye plastiki haiwahi kuufikia na kuuzima. Tumia pofirini ya platini. Atomu hiyo nzito huigeuza hali ya nishati ya molekuli iwe ya kudumu muda mrefu zaidi, na mng'ao wake mwekundu wa karibu 650 huchukua makumi ya mikrosekunde. Hapo oksijeni ina nafasi ya kuuzima. Weka pofirini asilimia 1 au pungufu ya uzito wa polistirini. Ikizidi, molekuli hushikamana na kuzimana zenyewe. Kama utando utakaa chini ya taa muda mrefu, chagua pofirini ya platini yenye florini kwenye pete za fenili, maana ile ya okitaethili (yenye vikundi vinane vya ethili badala ya fenili) hupauka upesi. Pima mng'ao kwenye nitrojeni tupu, kisha kwenye hewa, na urudie kila unapobadilisha joto la chumba.