Swali la lugha: Panya "waliochaguliwa" na "majibu" ya misuli

Msomaji wa Morogoro anayetafsiri makala ya utafiti wa pumu anauliza: "Nimeandika 'majibu ya misuli laini ya njia za hewa katika panya waliochaguliwa'. Mwenzangu anasema haieleweki. Nirekebishe wapi?"

Mwenzako amesema kweli. Tuanze na "waliochaguliwa". Hapo mtu anaona mkono umeingia kizimbani ukatoa panya watano wanono. Sivyo. Chukua panya wa Flinders, waliopatikana katika Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, Australia. Watafiti walipima jinsi kila panya alivyodhurika na kemikali inayozuia asetilikolini, yaani kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe wa neva kwenye misuli, isivunjwe mwilini. Waliodhurika sana wakapandishwa wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Waliostahimili nao wakawekwa upande wao. Wafugaji wetu wana neno la kazi hii: mbegu. Husema dume la mbegu, ng'ombe wa mbegu nzuri. Basi andika "panya wa mbegu teule", na mara ya kwanza ueleze kwamba wazazi waliteuliwa kwa sifa fulani.

"Majibu" ndiyo yanayonisumbua zaidi. Ukisema majibu karibu na maabara, msomaji anawaza karatasi ya vipimo vya damu. Misuli huitikia. Hata hivyo "mwitikio" peke yake hautoshi, maana huo ni tukio: dawa imewekwa, misuli imejikaza. Swali la makala yako ni dawa kiasi gani inatosha kuikaza. Misuli inayojikaza kwa tone moja na ile inayongoja matone kumi zote zina mwitikio. Kinachozitofautisha ni wepesi, na neno hilo lazima lionekane.

"Laini" liache, limeshazoeleka. Dokeza tu kwamba misuli hii haina ile milia tunayoiona kwa hadubini kwenye misuli ya mkono, wala si kwamba ni teketeke.

Angalia pia vitenzi. Misuli hujikaza, njia ya hewa husinyaa, na mwenye pumu husema kifua kinambana. Ukiandika "misuli inabana" umechanganya sababu na maumivu ya mgonjwa.

"Katika panya" futa kabisa, nakuomba. Misuli ni ya panya.

Mimi ningeandika: "Wepesi wa misuli laini ya njia za hewa kujikaza: uchunguzi wa panya wa mbegu teule."