Waliokubali mahindi ya GMO, wakagomea alfalfa

Mkuu, umeuliza iweje wakulima wa Marekani walime mahindi na soya za GMO (mbegu zilizobadilishwa vinasaba) miaka yote bila kelele, halafu baadhi yao waende mahakamani kupinga alfalfa ya GMO, ambayo ni majani ya ng'ombe tu. Nimefanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya alfalfa kusini mwa Idaho, upande wa Twin Falls, ambako Wakongo wanaoongea Kiswahili tumejaa tele. Nakujibu kwa nilichokiona.

Alfalfa ni ile wengine mnaiita lusani. Msiichanganye na lusina, ule mti.

Mahindi unapanda, unavuna, biashara imeisha. Alfalfa inakaa shambani miaka minne, mitano au zaidi, unaikata, inachipua. Mbegu ikidondoka, inajiotea kando ya barabara na kwenye kingo za mifereji, haina mwenyewe. Tena inachavushwa na nyuki, na nyuki hana habari na mpaka wa shamba la mtu. Kampuni za mbegu zenyewe ziliweka masharti ya umbali kati ya shamba la mbegu za GMO na lile la kawaida: futi 900 ukitumia nyuki wakata majani, maili 3 ukitumia nyuki wa asali.

Sisi wa majani tunakata kabla maua hayajashamiri, kwa hiyo presha kubwa iko kwa wazalishaji wa mbegu. Ndio maana aliyesimama mbele kwenye kesi ni shamba la mbegu, Geertson Seed Farms. Serikali iliruhusu alfalfa ya Roundup Ready, yaani ile ya GMO isiyokufa kwa dawa ya magugu ya glaifoseti, mwaka 2005, kesi ikafunguliwa 2006, na 2007 jaji Charles Breyer akasimamisha upandaji mpya. Mahakama ya Juu ya nchi ikaitengua amri ile 2010, majaji 7 kwa 1. (Stephen Breyer wa mahakama hiyo alijitoa, maana jaji wa chini ni mdogo wake wa damu.) Januari 2011 alfalfa hiyo ikaruhusiwa moja kwa moja.

Sasa mzee niliyekuwa namfanyia kazi hakuwa mwanaharakati hata kidogo. Mahindi yake yote yalikuwa GMO. Alichokataa ni alfalfa, na sababu yake ilikuwa soko. Sehemu ya majani ya magharibi mwa Marekani inapanda meli kwenda Japani, China, Saudia na Emirati, na China ilianza kurudisha mizigo yenye GMO mwaka 2014.

Mwaka uliofuata yakatukuta. Mnunuzi alikuja na bomba lake, akalichoma ndani ya marobota, akatoa majani kiganja kimoja. Akayasaga, akatia maji, akachovya kijiti kama kile cha kupima mimba. Tukasimama tunakodolea macho. Mistari miwili: GMO imo. Mzee akaomba apime robota jingine, miwili tena. Mbegu alinunua ya kawaida na risiti anayo, lakini nani ana muda na risiti? Mzigo ulienda kwa mfugaji wa ng'ombe wa nyama, kwa bei ya kutupa. Mpaka leo hatujui iliingilia wapi: kwenye mfuko wa mbegu, kwa nyuki, au kwenye mashine ya kufunga marobota tuliyoazima.

Halafu hata faida yake mzee hakuiona. Alfalfa ikishashika vizuri inayabana magugu yenyewe. Na shamba likizeeka yeye huliua kwa glaifoseti ili apande kitu kingine. Hii ya GMO unaipiga hiyo dawa inakutazama tu, inabidi utafute dawa nyingine au uingize plau.

Nisiwe mchoyo: jirani yetu aliipanda na hakujuta. Mwaka wa kwanza, wakati miche bado midogo na magugu yana nguvu, shamba lake lilikuwa safi kuliko letu. Lakini yeye ana ng'ombe wake wa maziwa, hauzi nje robota hata moja. Hapo ndipo wakulima walipogawanyika.

Uliuliza pia kama ng'ombe wanaona tofauti. Wa jirani walikuwa wanakula na kukamuliwa kama kawaida, mimi sikuona kitu.